Betri ya Nyumbani Wakati wa Baridi

Mazungumzo na vikundi vya kina mama na vijana, Eldoret



Kila mwaka Julai ikifika, malalamiko ni yale yale. Taa inazima saa mbili usiku, mtoto hajamaliza kazi ya shule, na betri ilinunuliwa juzi tu. Wengine wanasema wameuziwa betri mbovu. Wengine wanaibeba hadi jikoni ikae karibu na moto ipate joto. Hilo la jikoni ndilo lililotufanya tuombe nafasi leo.

Hapa Eldoret tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Usiku wa Julai joto huteremka hadi digrii 10 hivi, na ukipanda kuelekea Timboroa baridi ni kali zaidi. Betri ya risasi na asidi, ile kama ya gari, ikiwa na digrii 10 hutoa kama sehemu tisa kwa kumi ya nguvu inazotoa kwa digrii 25. Si hasara kubwa, na joto likirudi nguvu inarudi.

Kuchaji ndiko kwenye taabu. Kazi ya ndani ya betri ni ya kemikali, na kemikali zikipoa zinakuwa wavivu, kama unga wa mandazi usiotaka kuumuka asubuhi ya baridi. Betri ya volti 12 inayojaa kwa volti 14.4 kwenye digrii 25, ikipoa hadi digrii 10 inataka volti 0.3 au 0.4 zaidi. Kidhibiti chaji kizuri kinapima joto na kuongeza chenyewe. Kile cha bei rahisi hakijui lolote; kinapunguza chaji mapema, taa ya kijani inawaka, nasi tunaamini betri imejaa.

Halafu tusidanganyane: mwizi mkubwa ni mawingu, kuliko hata baridi. Julai na Agosti ni miezi ya mvua huku kwetu. Paneli haichukii baridi. Ikipoa hutoa stima zaidi kidogo kuliko ikiwa moto. Inachokosa ni jua. Usiku tunatumia, mchana hatujarudisha yote, na kesho vivyo hivyo. Betri ikikaa wiki kadhaa nusu tupu, chumvi ngumu ya risasi inashika bamba za ndani, na hiyo haitoki hata jua la Januari likiwaka vipi. Ndiyo maana betri inakufa Septemba na tunalaumu duka.

Sasa jikoni. Betri ikikaribia kujaa hutoa hidrojeni, gesi isiyo na harufu, inayoshika moto kwa cheche moja. Ikilipuka inamwaga asidi usoni mwa aliye karibu, na jikoni aliye karibu ni mama na mtoto. Iwekeni chumba kinachopitisha hewa, mbali na jiko, mshumaa na sigara. Asidi ikimwagikia jicho, oshа kwa maji mengi safi muda mrefu, kisha hospitali mara moja. Na lile la simiti kunyonya chaji, betri za siku hizi za plastiki hazinyonywi. Ubao chini yake unasaidia tu isipoe sana.

Wenye betri za lithiamu wasisumbuke. Hizo hazifai kuchajiwa chini ya digrii sifuri, lakini sola inachaji mchana, na mchana wetu haufiki huko.

Miezi hii runinga ipumzike, taa ya mtoto ibaki. Futeni paneli, kateni matawi yanayoitia kivuli. Betri iliyopumzika ikisoma volti 12.2, iko karibu nusu. Jua lisipotoka, ipelekeni mjini ikachajiwe hadi ijae, isingoje kuzima. Maji yakipungua ongezeni yale maalumu ya betri yaliyotakaswa, si ya mvua wala ya mfereji.

Fundi amebaki hapa na mita yake. Aliyekuja na betri ailete mbele, lakini aibebe wima.