Upupu si muchawi: maneno kwa wanachama kabla ya kufyeka mashamba

Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya komite katika mukutano wa kiangazi



Kiangazi kimeingia. Mwezi wa sita mpaka wa nane ndiyo wakati wetu wa kufyeka, ili mvua ya mwezi wa tisa itukute na udongo tayari kwa mihogo, mahindi na maharagi. Komite imeombwa iseme juu ya kitu kinachowasha ngozi, kwa sababu kimeanza kuwasha na roho za watu.

Habari yenyewe munaijua. Vijana wetu waliingia katika shamba lililolala tangu wazazi walipokimbia ngambo ya ziwa. Hawakumaliza hata mistari miwili, wote wakatoka mbio wakijikuna shingo, mikono, tumbo. Mumoja alivua nguo zote mbele ya watu, hakuona haya. Ilipofika jioni maneno yalikuwa tayari: wale waliobaki wamemwaga sumu shambani ili waliorudi wasilime. Halafu mutu akataja jina la jirani. Tunamushukuru shefu wa kijiji, alisema jina lisitajwe tena mpaka shamba liangaliwe kwa mwangaza wa asubuhi. Bila hiyo, leo tungekuwa tunazungumuza mambo mengine kabisa.

Asubuhi tulienda na wazee wawili, mumoja wa waliorudi na mumoja wa waliobaki. Hawakuhitaji hata dakika tano. Wote wawili walionyesha kidole pahali pamoja: upupu. Ulikuwa umepanda juu ya vichaka na juu ya muembe wa zamani, matunda yamekauka, yanangoja tu mutu ayatikise.

Wazee walicheka kidogo, lakini vijana hawakucheka, na tunawaelewa. Wengi wao walizaliwa kambini, Nyarugusu au Lugufu. Kule sheria ya Tanzania haikuruhusu mukimbizi kwenda mbali zaidi ya kilometa 4 toka kambi bila kibali. Mutoto aliyekulia katika mistari ya nyumba za kambi, anakula chakula cha mgao, atajulia wapi majani ya shamba lililolala? Ndiyo maana tunasema haya polepole, hata kama wamama wengine wanaona ni habari ya kila siku.

Upupu ni mumea wa kutambaa, jamaa ya maharagi. Kila kikonyo kina majani matatu, kama maharagi kabisa, na hapo ndipo watu wanadanganyika. Maua yake mara nyingi ni ya zambarau, yananing'inia kwa vishada. Kisha yanakuja matunda, maganda yaliyojikunja kidogo kama herufi S, marefu kama kidole, yamefunikwa na manyoya ya rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, yanang'aa kwenye jua kama kitambaa cha bei. Ni mazuri kwa macho. Mutoto akiyaona anataka kuyashika.

Manyoya yale ndiyo taabu yote. Kila unywele ni sindano ndogo, mufupi kuliko punje ya muchele, na ndani yake kuna kitu ambacho wataalamu wanakiita mukunaini. Kinaamusha mishipa ya fahamu ya ngozi, na mwasho unaanza hapo hapo. Maganda yakikauka, manyoya yanatoka kwa urahisi sana. Upepo unayabeba. Si lazima uguse mumea, inatosha upite upande ambao upepo unaelekea wakati mwenzako anapiga mupanga.

Sasa uangalie: maganda yanakauka kiangazi, na sisi tunafyeka kiangazi. Shamba lililoachwa miaka mingi ndipo upupu unapopenda, maana hakuna wa kuung'oa na vichaka vya kupandia viko. Hakuna mutu anayehitaji kuupanda. Mbegu zinaanguka, mvua inakuja, zinaota. Katika mashamba ya waliobaki uko pia, lakini wao wanaung'oa kila mwaka ukiwa mudogo. Hiyo ndiyo tofauti yote ambayo watu waliifanya kuwa uchawi.

Ukishikwa na upupu, kitu cha kwanza ni kigumu kuliko vyote: hapana kujikuna, hapana kusugua. Ukisugua unazivunja zile sindano na kuziingiza ndani zaidi, na mikono yako inazipeleka usoni. Toka pahali pale kwa upande upepo unapotokea. Shimizi yenye vifungo ifungue mbele. Ile ya kupitisha kichwani ni afadhali mwenzako aikate na mukasi kuliko kuipitisha juu ya macho. Kisha toa manyoya kabla ya kuoga. Skochi ya gundi, ile ya kufungia makartoni, ni nzuri sana: unaibandika, unaivuta, unatupa, unachukua kipande kingine. Kama skochi hakuna, wazee wanapaka udongo laini wa mufinyanzi uliolowa, wanauacha ukauke, halafu wanaubandua na manyoya yanatoka nao. Dawa hiyo ni ya ngozi nzima tu. Penye kidonda musipake udongo, pepopunda haina huruma.

Baada ya hapo, maji mengi ya kumwaga na sabuni, bila kyangwe na bila kitambaa cha kusugulia. Nguo zifuliwe peke yake, hasa zisichanganyike na za mutoto muchanga. Kama manyoya yaliingia jichoni, mwaga maji safi kwa muda murefu bila kufikicha, kisha nenda kwa muganga siku ile ile. Na mutu akianza kuvimba uso au kupumua kwa shida, hapana kungoja skochi wala udongo, ni hopitali mara moja.

Mwasho wa upupu kwa kawaida unapungua wenyewe ndani ya saa chache manyoya yakishatoka. Tunalisema hili kwa sababu ya sanduku letu. Makuta ya kusaidiana yamelipia sindano na serumu kwa watu ambao shida yao ilikuwa manyoya juu ya ngozi. Hata vidonge vya aleji, ambavyo vinasaidia mwasho mwingine, kwa huu vinasaidia kidogo, maana mwasho wa upupu unapita njia nyingine mwilini. Hatusemi mutu asiende sentre ya afya. Tunasema, kabla ya kutoa pesa, museme wazi kwa muganga: nilikuwa nafyeka, nilishikwa saa hii, pahali hapa. Neno hilo linamusaidia kuliko kumwambia tu "mwili unawaka."

Kwa kweli ndilo neno kubwa la leo. Kabla ya kuuliza ni nani, tuulize ni saa ngapi. Kila mumea una saa yake, na saa ndiyo inatuambia ni mumea gani.

Tuchukue ule muti wa uzio, munyaa, wenye matawi ya kijani kama vijiti, karibu hauna majani, ukikatwa unatoa maziwa meupe. Huo ngozi yake inachelewa. Unakata leo muchana, unalala vizuri, usiku au kesho ngozi inakuwa nyekundu na kutoa malengelenge pale maziwa yaliporukia. Jicho halingoji. Maziwa yakirukia jichoni yanachoma vikali, yanaweza kuharibu kioo cha jicho na mutu akakaa bila kuona vizuri. Ni maji safi, robo saa nzima au zaidi, mutu amelala na kope zimefunguliwa, kisha muganga wa macho au hopitali iliyo karibu siku hiyo hiyo. Hapana maziwa ya mama, hapana majani yaliyopondwa.

Na munyaa uko na shida ya pili. Wazazi wetu waliupanda kuonyesha mipaka. Uzio wa zamani ambao umekuwa pori unaweza kuwa ndio ushahidi peke yake wa parseli yako, au wa parseli ya jirani. Ukiukata bila yeye kuwepo, unaweza kupata malengelenge na kesi kwa siku moja. Komite inaomba: munyaa wa mupaka usikatwe mpaka pande mbili na shefu wawe pale. Na atakayekata avae miwani yoyote ile, hata ya jua.

Sasa tugeuke kwa ndugu zetu walio Marekani, wengi wao walitoka kambini wakapelekwa kule, na ndio wanatutumia msaada. Mumoja alipiga simu akilia: alisafisha majani nyuma ya nyumba siku ya Jumamosi, Jumatatu mikono ikajaa malengelenge kwa mistari, kama aliyechapwa na fimbo ndogo. Hapa nyumbani watu wakasema, munaona, uchawi umevuka bahari. Ndugu, kule kuna mumea unaoitwa poison ivy. Nao una majani matatu matatu, lile la kati kikonyo chake ni kirefu kuliko ya pembeni. Unatambaa chini au unapanda juu ya miti, na kamba yake ikizeeka inaota mizizi mingi kama manyoya. Wakati wa baridi majani yanaanguka, lakini kamba bado ina sumu.

Sumu yake si sindano, ni mafuta. Yanaitwa urushioli. Yakigusa ngozi hausikii kitu. Mwili unayajibu baadaye, mara nyingi baada ya siku moja au mbili, na wengine mara ya kwanza hawapati kitu kabisa, wanapata mara ya pili. Ndiyo maana mutu anasema "lakini mwaka jana nilifyeka hapo hapo." Ukijua umegusa, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi, dakika za kwanza ndizo zenye faida. Osha na mupanga, viatu, nguo, hata mbwa, maana mafuta yanakaa juu ya vitu muda murefu. Malengelenge yakishatoka, maji yake hayaambukizi mutoto wala bibi, musiogope kubeba watoto wenu. Inachukua wiki moja mpaka tatu. Kitambaa chenye maji baridi na krimu ya hidrokotizoni vinapunguza mwasho. Ikifika usoni, sehemu za siri, au sehemu kubwa ya mwili, daktari ataamua kama inahitajika dawa ya kumeza. Na kabisa, kabisa, musiuchome moto. Moshi wake unabeba yale mafuta mpaka ndani ya mapafu.

Jambo moja lilitushangaza tulipolisoma: huo mumea ni wa jamaa moja na muembe na mukorosho. Mafuta ya ganda la korosho mbichi yanachoma ngozi kwa njia ya jirani na hiyo, na kuna watu ambao ganda la embe linawatoa upele kando ya mudomo. Kwa hiyo ndugu yetu wa Marekani na mutoto wa hapa anayevimba midomo msimu wa maembe wanaweza kuwa na shida moja, na hakuna aliyewaroga.

Turudi kwa upupu, maana ndio uko mbele yetu. Dawa yake ya kweli ni kuung'oa mapema, wakati wa mvua, kabla ya maua, ukiwa bado hauna maganda yenye manyoya. Vijana wajifunze kuujua wakati huo, wakiwa na muzee pembeni, kwa sababu unafanana na maharagi. Usiudharau pia. Uko upande wa mimea inayorudishia udongo nguvu, na kuna aina isiyo na manyoya yale, mukuna wa shamba, ambayo maagronome wanaipanda kufunika na kunenepesha udongo. Shamba lililojaa upupu si shamba lililolaaniwa. Lakini mbegu zake musipike kwa njaa, zina kitu kinachotapisha na kuzungusha kichwa.

Kwa mashamba ya sasa, ambayo maganda tayari yamekauka, tumekubaliana na wazee hivi. Kazi ianze alfajiri, umande ungali juu ya majani, kwa sababu manyoya yaliyolowa hayaruki. Jua likikausha majani, tunaacha, hata kama imebaki kipande kidogo. Watu wote wakae upande mumoja, upepo ukitoka mugongoni. Kamba ikatwe chini, isivutwe toka juu. Watoto wasiletwe. Na hapana kuwasha moto katika kichaka cha upupu: hewa ya moto inanyanyua manyoya na kuyatupa kwa majirani, halafu tunarudi kwenye yale maneno ya sumu.

Ndugu munaotusaidia, mwaka huu tunaomba vitu vidogo: makoti ya mvua ya plastiki yenye kofia, soksi za mikono za mpira munene, miwani ya kazi, na skochi pana. Nguo za pamba na za sufu tunazipenda kwa kuvaa nyumbani, lakini shambani manyoya yanapita ndani yake.

Shamba lile la vijana litafyekwa Jumamosi. Muzee wa waliobaki amesema atakuja na watoto wake wawili wakubwa, na jirani aliyetajwa jina ametuma neno kwamba naye atakuja. Kila mutu alete mupanga, bidoni ya maji na sabuni. Skochi ziko kwa mama mwenye kutunza sanduku, kipande kwa kila kundi, na kinachobaki kirudishwe.