Kumpokea Paka wa Pili Nyumbani



Maharage na mahindi yakishaingia stoo, panya huyafuata. Ndiyo maana kaya yenye paka mmoja huomba wa pili kwa jirani. Mara nyingi mgeni huyo huletwa ndani ya gunia, hufunguliwa sebuleni mbele ya mwenyeji, na kabla ya siku ya tatu amekwisha kupotelea migombani. Watu husema amerudi kwao. Ukweli ni kwamba amefukuzwa.

Paka humtambua mwenzake kwa harufu kuliko kwa sura. Nyumba na uwanja ni milki yake, naye huiwekea alama kwa kusugua mashavu na kwa mkojo. Asiye na harufu ya hapo ni mvamizi. Kwa hiyo mgeni atengewe chumba chenye mlango, hata kama ni stoo yenyewe, apewe maji, chakula na sanduku la mchanga. Kitambaa alicholalia kipelekwe anapolala mwenyeji, na cha mwenyeji kiletwe kwake. Baada ya siku chache walishwe kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake wa mlango. Wakila bila kunguruma, mlango ufunguliwe kwa muda mfupi, mtu mzima akiwapo. Wengine huzoeana kwa juma moja, wengine huhitaji mwezi na zaidi. Anayeharakisha huanza upya.

Hata wakizoeana, kila mmoja awe na sahani yake. Sahani moja huzua ugomvi hata kwa watoto wa mama mmoja, sembuse paka! Wakipigana, wasitenganishwe kwa mikono. Sufuria igongwe, au ubao uwekwe kati yao.

Tahadhari hiyo ina sababu. Kichaa cha mbwa humpata paka pia, naye humwambukiza binadamu kwa kumng'ata. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyeng'atwa aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dalili zikishajitokeza, ni nadra mno mtu kupona. Paka huweza kuchanjwa kuanzia umri wa miezi 3, na wa kuulizwa ni afisa mifugo. Aulizwe pia kuhusu kuhasi, kwani madume wasiohasiwa ndio wapiganao zaidi.

Mwenye paka asiweke sumu ya panya stoo. Panya aliyekula sumu hulegea, naye ndiye paka humkamata kwanza.