Funguo za Kaka



Nimeombwa niseme machache. Mwaka 1697 merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, ilizama Mombasa chini ya Ngome ya Yesu, ngome ikiwa imezingirwa. Kuanzia 1977 hadi 1980 wazamiaji waliichimbua. Nilipozuru makumbusho ya ngome hiyo, mizinga niliipita tu; nilisimama sana mbele ya vyombo vya udongo vilivyotoka humo. Kuna mtu alivishika.

Sababu naijua. Tarehe 21 Mei, 1996, MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria karibu na Mwanza, kaka yangu alikuwamo. Nyumbani Temeke tuliletewa funguo zake tatu. Mmoja ni wa sanduku lake. Mama hakukubali lifunguliwe, wala kufuli ibadilishwe. Waliokufa ni mamia. Hesabu hiyo hainikai kichwani. Funguo zile zinanikaa.

Basi vijana, mkiokota kitu cha kale pwani, msikimbilie kukiuza. Kipelekeni Makumbusho ya Taifa. Kilikuwa cha mtu, na mtu huyo alikuwa na mama.