Hori la Kujijengea Nyumbani: Mada kwa Wafugaji wa Ng'ombe wa Maziwa wa Muheza



Naomba idhini yenu nizungumze juu ya chombo ambacho katika mabaraza yetu aghalabu hakipewi haki yake, nacho ni hori. Maana tumezoea kuulizana habari za uzao wa ng'ombe, za dawa na za bei ya pumba, ilhali mahali hasa panapopotea jasho la mfugaji ni pale mnyama wake anapoinamisha kichwa kula.

Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 400 hivi, akilishwa matete mabichi, huhitaji takriban kilo 60 hadi 70 kila siku, na mzigo huo, kwetu sisi kama kwa wenzetu wa vihamba vya Kilimanjaro, hukatwa kwa panga na kuletwa kwa kichwa au kwa baiskeli, na mara nyingi anayeubeba ni mama wa nyumba. Majani hayo yakitupwa chini, ng'ombe huchagua machanga, yaliyosalia akayakanyaga na kuyanyea, na tangu hapo hayataki tena hata akiwa na njaa. Sioni dhuluma ndogo katika kumtuma mama bondeni alfajiri akalete majani ambayo adhuhuri yatakuwa samadi bila ya kupita tumboni.

Basi hori na lijengwe, wala halihitaji fundi wa mjini. Kila ng'ombe mkubwa apewe nafasi ya sentimita 60 hadi 70, na kitako cha hori kiinuliwe sentimita 10 hadi 15 tu juu ya pale anaposimama, kwa sababu ng'ombe anayekula ameinamisha kichwa, kama alavyo malishoni, hutoa mate mengi zaidi, na mate hayo ndiyo yanayopunguza ukali wa asidi katika tumbo lake kuu. Ukuta wa upande wa ng'ombe utoshe sentimita 50, na ule wa nje upite hapo, ili asirushe majani nje. Na juu ya ule wa upande wa ng'ombe upitishwe mti wa kuzuia shingo, kwa usawa wa mita moja hivi au kwa kadiri ya kimo cha mnyama, asije akaingiza miguu ndani. Mwenye uwezo wa matofali na saruji apige niru ndani mpaka pateleze, na aache tundu la kutokea maji ya kuoshea. Asiye nao atumie mbao zilizobanana, maana pumba ni ghali na hupita penye ufa. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, na zile zenye rangi ya zamani, zisiwekwe mahali ulimi unapofika.

Pipa la lita 200 likipasuliwa kwa urefu hutoa mahori mawili yanayowafaa sana ndama, mradi kingo zake zikunjwe kwa nyundo au zivishwe mpira wa maji uliopasuliwa. Lakini kwanza na iulizwe lilikuwa na nini: pipa lililowahi kutiwa dawa ya wadudu halitakati kwa sabuni wala kwa majivu.

Kuna jambo moja ambalo nitalikawilia, nalo ni msumari. Ng'ombe hachambui chakula kwa midomo kama mbuzi. Huzungushia majani ulimi, akavuta, akameza kabla ya kutafuna sawasawa, hivyo msumari au kipande cha waya huteremka naye asijue, kikatulia katika tumbo la pili, ambalo limetengwa na moyo kwa utando mwembamba tu. Kila tumbo hilo linapojikaza, ncha husogea. Siku moja mwenye ng'ombe huona maziwa yamepungua ghafula, mgongo umepinda, viwiko vimetanuka, na mnyama anaguna akiteremka kilima. Na aghalabu hapo msaada umeshachelewa. Kwa hiyo misumari ihesabiwe kabla ya kazi na baada yake, ncha zote zipindwe kwa upande wa nje, na kila jioni ya ujenzi sumaku ya spika mbovu ifungwe kamba na kuburutwa sakafuni, hata ndani ya vumbi la mbao.

Maji yawekwe mbali na pumba, yasikauke mchana wala usiku, kwani ng'ombe anayekamwa hunywa hata zaidi ya lita 50 kwa siku. Na kwa ajili ya kaskazi, majani yanapokauka, kila nyumba iwe na kasha la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, urefu wake mita 1, upana sentimita 50 na kina sentimita 40: hutandikwa kamba mbili ndani, nyasi zilizokaushwa vizuri zikashindiliwa kwa miguu, kamba zikafungwa, kasha likavuliwa, na robota likawekwa juu ya uchaga penye paa.

Nawasihi, basi, mtu yeyote anayeweka akiba ya kununua mtamba wa pili, atoe kwanza sehemu ya akiba hiyo amjengee hori huyu aliye naye, na amalize kabla kaskazi haijaanza.