Mwacheni Mtoto Akimbie

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia, Kulamawe, Isiolo)

Najua mlitarajia nizungumze juu ya mbuzi na mikopo. Leo naomba tuzungumze juu ya michezo ya watoto. Msicheke!

Sisi tulipokuwa wadogo hakuna aliyetuambia tucheze. Tulifuata mbuzi toka asubuhi tukiruka mawe (na hapa Kulamawe mawe hayajawahi kupungua), na jioni ilikuwa kati na brikicho mpaka mama aite. Mwili ulijengwa bila sisi kujua. Siku hizi familia nyingi zimekaa mahali pamoja, karibu na shule na maji. Hilo ni jema, sisemi turudi nyuma. Lakini tazameni siku ya mtoto. Mchana yumo darasani, jioni ameinamia simu ya baba yake. Msichana naye akirudi, anangojwa na mtungi, kuni, na mdogo wake wa kubeba.

Mama mmoja ameniuliza hapo nje, "Kwani hiyo si kazi ya mwili?" Ni kazi, mama. Lakini kubeba lita 20 kunachosha shingo na mgongo, wala hakumpi nafasi ya kukimbia na kuruka. Mfupa unataka kuruka. Kila mguu unapogonga chini, mfupa unaambiwa uongeze nguvu. Akiba hiyo huwekwa utotoni na ujanani; ukishapita miaka 30 hivi, huongezi tena, unatoa tu. Ninyi wa kuweka na kukopa mnanielewa. Nyanya ambaye hakuweka akiba ya kutosha huteleza kidogo tu, nyonga ikavunjika.

Tena misuli inayofanya kazi hutumia sukari iliyo kwenye damu, na moyo wa anayekimbia huzoea kusukuma damu vizuri. Mtoto aliyezoea kukaa, mara nyingi huwa mtu mzima wa kukaa. Uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha karibu wanawake 4 kati ya 10 wana uzito uliozidi. Kwa hiyo presha na ugonjwa wa sukari si mambo ya Nairobi peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kama dakika 60 kila siku za kuchezesha mwili mpaka ahemee. Wa mwaka 1 hadi 4 anahitaji saa 3, lakini huyo hahitaji kufundishwa, mwache tu.

Sasa neno gumu. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua ilikosa misimu 5 mfululizo. Mnakumbuka watoto walivyokaa kivulini, kimya. Mwili wenye njaa hubana matumizi, na mchezo ni kati ya vitu vya kwanza kupunguzwa. Mimi mwenyewe nilimsifu mtoto wa dada yangu, nikasema huyu ana adabu, ametulia. Halafu akapimwa mkono kwa ule utepe wa rangi, ukasoma nyekundu. Alipona, lakini lile neno langu sijalisahau. Basi ukiona mtoto aliyekuwa anacheza ameacha, usimwambie akimbie. Mpe chakula, na mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo.

Kwa hao wazima, hatuhitaji kungoja mfadhili. Mpira wa makaratasi watoto watatengeneza wenyewe, kamba kuukuu ipo kila nyumba. Shida ni kiwanja, maana miiba na chupa zilizovunjika zimejaa. Shida ya pili ni wasichana kupata saa yao kabla giza halijaingia. Wavulana wanaweza kuteka maji pia. (Nasikia mnanong'ona huko nyuma, vijana, lakini nimeshasema.)

Haya, Jumamosi asubuhi tuanze na kiwanja. Gunia mbili ninazo. Nani ana panga, na nani ataleta reki?