Wakili Bungeni: Martha Karua na Kazi ya Kuacha Maandishi



Nimeombwa nizungumzie mwanasheria aliyeingia bungeni. Nimemchagua Martha Karua, aliyekuwa mbunge wa Gichugu tangu uchaguzi wa Desemba 1992 hadi 2013. Watu wengi humsifu kwa ukali wa ulimi, na wengine humlaumu kwa huo huo. Mimi naona nguvu yake iko kwingine. Alikwenda bungeni na tabia ya korti ya kutokubali jambo lipite bila kuandikwa. Sisi mawakili tunaijua tabia hiyo. Hakimu akikukatalia pingamizi, hubishani naye mpaka jioni. Unasimama, unaomba pingamizi lako liandikwe kwenye faili, kisha unaketi. Majaji wa rufaa hawatasikia sauti yako. Watasoma faili.

Mwaka 2001 uletwe hapa kama ushahidi. Serikali ya Rais Moi ilipeleka bungeni mswada wa kurekebisha utaratibu wa kuiandika upya katiba. Upinzani na mashirika ya kiraia walikuwa wameukataa. Siku ya mjadala wabunge wa upinzani walisusia kikao, wakatoka wote. Karua akabaki. Hakubaki kwa sababu aliupenda mswada. Alibaki ili aseme kwa nini ni mbaya, na maneno yake yaingie katika kumbukumbu rasmi za Bunge. Nawaomba mfikirie upweke wa kiti kile: wenzako wako nje wakihutubia waandishi wa habari, wewe uko ndani na watu wa serikali, unapinga kifungu baada ya kifungu huku ukijua kura utashindwa. Mwaka huo huo, Rais Moi alipokuwa akihutubia katika uwanja wa Kerugoya, Kirinyaga, nyumbani kwa akina Karua, yeye aliinuka akaondoka. Sioni mgongano kati ya matendo hayo mawili. Uwanjani hakuna kumbukumbu inayoandikwa, kwa hiyo kubaki hapo ni kuongeza idadi ya wasikilizaji tu.

Tabia hiyo ya kutaka kila jambo liandikwe ina chanzo. Karua alizaliwa Kirinyaga mwaka 1957, akasomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na kuanzia 1981 hadi 1987 alikuwa hakimu, Makadara na Kibera zikiwa miongoni mwa korti alizosimamia. Hakimu wa mahakama za chini wakati huo aliandika kwa mkono wake mwenyewe. Shahidi anasema, yeye anaandika. Kile asichokiandika, kwa sheria hakikusemwa. Baada ya kuacha uhakimu alifungua ofisi yake ya uwakili, na hapo akaingia katika kesi ambazo mawakili wengi walizikwepa. Ilikuwa miaka mibaya. Gibson Kamau Kuria aliwekwa kizuizini mwaka 1987 baada ya kutoa notisi ya kuishtaki serikali kwa mateso waliyofanyiwa wateja wake. Mwaka 1990 Koigi wa Wamwere alishtakiwa kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kifo, na miongoni mwa walioshtakiwa pamoja naye walikuwamo mawakili Mirugi Kariuki na Rumba Kinuthia. Karua alikuwa katika jopo la utetezi. Kesi ilikuja kuondolewa mapema 1993, baada ya uchaguzi wa vyama vingi.

Kufikia wakati huo tayari alikuwa mbunge. Alitafuta tiketi ya Ford-Kenya kwanza, akashindwa na Geoffrey Kariithi, aliyewahi kuwa mkuu wa utumishi wa umma na mtu mwenye uwezo. Wazee wa Democratic Party wakampa tiketi yao, naye akamshinda Kariithi katika uchaguzi wenyewe. Ndiye mwanasheria wa kwanza mwanamke kuchaguliwa na wananchi kuingia Bunge la Kenya. Baada ya hapo alishughulikia mambo ya sheria katika chama. Kuhusu Wizara ya Maji, aliyopewa mwaka 2003, sitasema mengi. Alisimamia utekelezaji wa Sheria ya Maji ya 2002, iliyotenganisha kazi ya kugawa maji na kazi ya kusimamia wagawaji.

Kipindi kigumu kuliko vyote ni cha Wizara ya Haki na Mambo ya Katiba, kuanzia 2005. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu 1,133 waliuawa katika ghasia, kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyozichunguza. Katika mazungumzo yaliyosimamiwa na Kofi Annan kwenye hoteli ya Serena, Karua aliongoza ujumbe wa upande wa Rais Kibaki. Alibana, hakulegeza. Wako waliomwona kama mtu aliyesaliti miaka yake ya utetezi. Nimelifikiria hili sana. Alifanya anavyofanya wakili mwenye mteja, na hilo ndilo linalonisumbua, kwa sababu waziri ana mteja mwingine zaidi ya rais aliyemteua. Watu wa Naivasha na Eldoret waliokuwa wakilala kwenye mahema walikuwa wateja wake pia.

Ila tusiishie hapo. Tume ya Waki ilitaka iundwe mahakama maalumu ya kuwahukumu wahusika wakuu wa ghasia, la sivyo majina yapelekwe Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Februari 2009 Karua akapeleka bungeni mswada wa kubadilisha katiba ili mahakama hiyo ipatikane. Waliounga mkono walikuwa 101, waliopinga 93. Katiba ilitaka asilimia 65 ya wabunge wote, mswada ukaanguka. Wapinzani wake hawakuwa na sababu moja. Baadhi hawakuamini kwamba korti ya Kenya ingeweza kumgusa mkubwa, wakataka kesi ziende The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa. Wengine hawakutaka kesi popote. Walipiga kura ileile. Wakili aliyezoea korti hushangaa hapo: kortini hoja mbili zinazopingana hudhoofishana, bungeni hujumlishwa. Julai mwaka huo Annan alimkabidhi kiongozi wa mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai bahasha ya majina.

Karua hakuwa waziri tena wakati huo. Alijiuzulu tarehe 6 Aprili 2009, baada ya Rais kuteua majaji bila yeye, waziri wa haki, kushirikishwa. Wengine walisema ni hasira ya cheo. Mimi sikubaliani nao. Suala la nani anamteua jaji, na kwa utaratibu upi unaoonekana, ndilo suala kubwa kuliko yote katika wizara ile. Katiba ya 2010 ilikuja kuipa Tume ya Huduma za Mahakama kazi ya kupendekeza majaji, na leo tunawaona watahiniwa wakihojiwa hadharani.

Aliwania urais mwaka 2013, akapata chini ya asilimia moja ya kura. Mwaka 2017 akawania ugavana wa Kirinyaga, akashindwa, akapinga matokeo kortini. Korti Kuu ilitupa ombi lake kwa kasoro za kiutaratibu, rufaa ikalirudisha, na mwishowe Mahakama ya Juu ikasema muda wa miezi sita wa kuamua kesi ya uchaguzi ulikuwa umekwisha. Wengi wangekata tamaa. Yeye alipeleka faili Arusha, katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, nayo mwaka 2020 ikaamua kwamba Kenya ilikiuka haki yake ya kusikilizwa, ikaagiza alipwe dola 25,000. Kiti hakukipata. Hukumu ipo, na mlalamishi mwingine anaweza kuitumia.

Mwaka 2022 alikuwa mgombea mwenza wa Raila Odinga. Novemba 2024 Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda aliyekuwa Nairobi kwa uzinduzi wa kitabu cha Karua, alitekwa na kupelekwa Uganda. Karua akaomba kibali cha kumtetea huko. Alinyimwa kwanza, akapewa Januari 2025. Mei 2025 alikwenda Dar es Salaam kufuatilia kesi ya uhaini ya Tundu Lissu, wakili mwingine aliyepitia bungeni, akazuiwa uwanja wa ndege na kurudishwa Nairobi. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ina soko la pamoja kwenye karatasi, lakini wakili akitaka kusimama katika korti ya jirani bado anategemea hiari ya mamlaka za nchi hiyo. Hapo ndipo ningependa mjadala wetu wa asubuhi uanzie.