Maalim Wako wa Kwanza

Wewe unayesoma hapa, unamkumbuka maalim aliyekufunza alifu? Chuoni alikujua wewe, babako na nyumba yenu. Sekondari, mwalimu alikujua kwa alama za mtihani. Yunivasiti mko 300 ukumbini, mhadhiri hata jina hakujui. Ukitaka elimu, umfuate mwenyewe mpaka ofisini.

Lakini tusifichane. Wapo waliokimbia chuo kwa sababu ya bakora. Serikali ilipiga marufuku viboko mashuleni mwaka 2001. Mimi nilichapwa chuoni baada ya hapo, nikaiacha Juzuu Amma njiani.

Ramadhani iliyopita nilikwenda kumwamkia maalim wangu. Mzee sasa, macho hayaoni vizuri. Akaniuliza, "Tuliachia wapi?" Nikamwambia, Surat Abasa. Tunaendelea kila baada ya alasiri. Na wako je, umemjulia hali?